Esnath Alivyomsemesha Mkwewe

Esnath wa Matwebe ni mwanamke mfupi, mchuma chai, mwenye ulimi ambao hata wapima majani wanauogopa. Lakini mkwewe, mzee Ambindwile, alipotokea njiani, Esnath alikuwa akiingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Mabinti wa siku hizi wanatucheka, nasi tuliolelewa kizamani tunawaacha wacheke. Kwetu mke wa mtoto hasemi na baba mkwe, wala hamtazami usoni. Tangu aolewe na Jairo, Esnath hakuwahi kumwambia mzee yule neno hata moja.

Binti wa Esnath na Jairo, Tupokigwe, ana ulemavu wa akili. Ni msichana mkubwa sasa, maneno yake ni machache, na kicheko chake kinamtia matatani. Hucheka akiungua moto, hucheka akifukuzwa na mbwa. Watu husema hana uchungu. Upuuzi mtupu. Mama yake aligundua zamani kwamba mtoto huyu ana vicheko viwili. Cha furaha humlegeza mwili mzima. Cha hofu au huzuni humkakamaza vidole, na viganja vinakuwa vya baridi kabisa. Kwa hiyo Tupokigwe akicheka, Esnath humshika mkono kwanza, ndipo amjibu.

Masika haya Jairo alifariki. Ndugu wakataka binti apelekwe Ibighi kwa shangazi yake mpaka mazishi yaishe, asije akaitia familia aibu. Esnath akakataa katakata. Alisema anayezikwa ni baba yake, na atamzika.

Basi jeneza lilipokuwa linashushwa, wanawake tukiwa tumeshikana tunalia, Tupokigwe akaangua kicheko kirefu. Vilio vikakatika. Mzee Ambindwile, ambaye siku hiyo alikuwa anamzika mwanawe, akamjia mjukuu kwa hasira ili amwondoe.

Esnath akasimama katikati yao. Hakumpa mgongo. Alimtazama mzee usoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe.

"Tata," alimwita, yaani baba kwa lugha yetu, "mshike mkono."

Mzee alisimama. Tulijua sasa anamlaani. Badala yake akaushika mkono wa Tupokigwe, akakaa nao kwa muda, akawa anavipapasa vile vidole vilivyokakamaa. Uso wake ukabadilika tukiuona. Akavua koti lake, akamfunika.

Nyuma yetu mtu akanung'unika kwamba mtoto aondolewe. Mzee hakugeuka.

"Analia," alisema. "Mwacheni amlilie baba yake."

Kisha akamwangalia Esnath, akasema kwa sauti ya chini, "Nawe mwanangu, njoo usimame hapa."

Esnath akaenda. Wakasimama watatu, binti katikati, akicheka mpaka kaburi likajaa, nasi sote tukilia naye.