Treni ya Umeme ya Bati

Wakati wa vita jeshi lilipiga marufuku kuvua usiku katika Ziwa Tanganyika, na mimi niliyekuwa fundi wa taa za karabai za wavuvi wa Rumonge nikabaki na koleo mkononi, kazi hakuna. Lakini siyo kazi iliyoniumiza. Baba alikuwa ameacha kusema. Tangu gari la kaka yangu lilipoviziwa barabarani karibu na Gitaza, na tukamzika, baba alilala akitazama ukuta. Hakulia, hakuuliza kitu. Uji alionja tu.

Nilikasirika. Nilikuwa nimeshampoteza mmoja, na wa pili sikuwa tayari kumwachilia hivi hivi.

Ujanani baba alikuwa dereva msaidizi wa treni ya umeme kule Katanga, Kongo, enzi za Wabelgiji. Burundi haina reli hata moja, kwa hiyo sisi watoto wake tuliipanda kwa maneno yake tu: kichwa chake kizito, na mkono wa chuma juu ya paa uliofyonza umeme kwenye waya. Nikaamua kumuundia ileile, na itembee yenyewe, siyo ya kuvutwa kwa kamba.

Bodi ya treni niliikata kwenye makopo ya maziwa, magurudumu kwenye vifuniko vya shaba vya karabai mbovu, mota nikaitoa kwenye redio ya kaseti. Reli zilikuwa vipande vya bati juu ya ubao, waya juu yake, betri za tochi pembeni.

Jirani yangu alichungulia mlangoni. “Dada, iko vita, muzee hakuli, na wewe uko unatengeneza michezo ya batoto?”

“Murakoze, asante kwa kunikumbusha,” nikamjibu, nikaendelea kulehemu.

Nilipomaliza, nilizipaka reli mafuta ya mawese. Kwetu kila kinachokwaruza hupakwa mawese: bawaba, baiskeli, hata goti la bibi. Nikauweka ubao kando ya kitanda cha baba, nikaunganisha waya. Treni ikatulia tuli. Nikabana waya upya, nikabadilisha betri, nikaitukana. Wapi!

Ndipo mkono wa baba ukatoka chini ya shuka. Akagusa reli, akanusa kidole.

“Nani alipaka mafuta ku reli?”

“Ni mimi, papa.”

“Mafuta inakatala umeme. Reli inatakaka kuwa safi.”

Akaketi. Akazifuta reli kwa shuka lake, polepole, halafu magurudumu. Mkono wa bati ukagusa waya, cheche ndogo ikaruka, treni ikaondoka. Ilifika mwisho wa ubao ikaanguka sakafuni.

Baba aliitazama pale ilipolala ubavu. Kisha akalia kwa sauti, akimwita kaka yangu kwa jina, tena na tena. Sikumwambia anyamaze. Niliketi kando yake, na mimi nikalia.