Kuibadilisha Bunduki ya Baba

Mume wangu alivunjwa nyonga na ndovu asubuhi, jua likiwa limeshatoka, akiwa ameshika debe na kipande cha nondo. Tulikuwa tunaishi chini ya mlima wa Sagalla, upande unaotazama mbuga, na miaka yote tulikuwa tukiwafukuza ndovu kwa kelele. Unapiga debe, unapiga mayowe, jirani naye anapiga lake, wanaondoka polepole kana kwamba ni hiari yao. Ule mwaka wa ukame hawakuondoka. Mmoja aligeuka. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba hakukimbia kwa sababu hakuamini.

Alilazwa hospitali ya Voi, akafanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi. Daktari alisema asikanyage chini kwa miezi. Watoto wetu wako mbali, kila mmoja na kazi yake. Basi tukabaki wawili, yeye kitandani katika chumba cha nyuma na mimi wa kumgeuza, kumwogesha na kumlisha. Nje ya dirisha la chumba hicho, karibu kabisa na ukuta, ndipo tulipokuwa tumejenga tangi la maji. Mto ulikuwa umekauka, mabwawa yamekauka, na ndovu walikuwa wameshajua njia ya tangi letu.

Nikipiga simu kwa maafisa wa wanyamapori walikuwa wakija, lakini gari lilikuwa moja na simu za watu zilikuwa nyingi. Walipofika, ndovu walikuwa wameshakunywa wakaenda. Sikuwalaumu. Niliwaonyesha nyayo, wakatikisa kichwa, wakaondoka kwenda kwa mwingine aliyekuwa akilia.

Bunduki ilikuwa ya baba yangu. Alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge, na meneja Mzungu alipokuwa akirudi kwao alimwachia bunduki yake ya kuwindia, kihalali, kwa leseni. Baba alipofariki niliipeleka polisi kama sheria inavyotaka, nikaomba leseni kwa jina langu, nikaipata baada ya maswali mengi, la kwanza likiwa mwanamke anataka bunduki ya nini. Nilijibu kwamba sina ndugu wa kiume, na baba aliipenda.

Ni kitu cha zamani. Mtutu wake umechongwa maua madogo madogo na jina la aliyeiunda, na mbao ya kitako imeng'aa kwa mikono ya watu waliokufa. Afisa aliyeikagua aliwaita wenzake waje kuiona. Mzee mmoja wa Nairobi, mwenye leseni ya kukusanya silaha za kale, alishaniambia kwamba siku nikiichoka nisimpe mtu mwingine. Lakini risasi zake hazitengenezwi tena. Kwa miaka ilikaa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na kazi yangu ilikuwa kuipaka mafuta.

"Mama watoto," mume wangu aliniambia siku moja nikimpangusa mgongo, "ile bunduki si inaweza kubadilishwa? Itiwe mtutu mwingine, ikubali risasi za siku hizi."

"Ya baba?"

"Baba yako amelala. Mimi niko macho."

Nilichukua ruhusa ya polisi ya kuisafirisha, nikamwomba mke wa jirani akae na mgonjwa, nikashuka Mombasa kwa fundi wa bunduki mwenye leseni. Alikuwa mzee wa Kipwani, mpole. Aliishika bunduki muda mrefu, akapitisha kidole juu ya yale maua.

"Naweza, mama," alisema mwishowe. "Ukiniletea kibali, nautoa mtutu huu natia mwingine. Lakini ufahamu, ikishatoka hapa haitarudi kuwa hii. Itakuwa bunduki kama bunduki zozote."

"Sitaki iwe hii. Nataka ilie."

"Ilie, au iue?"

Alinirudishia bunduki kwa mikono miwili, akaniambia niende nikafikiri.

Nilifikiri hadi kichwa kikauma. Kumpiga ndovu ni jela, isipokuwa uthibitishe kwamba alikuwa anakuua. Kupiga hewani, watazoea kama walivyozoea madebe. Lakini jirani mmoja aliniambia mlio wa bunduki ndio kitu pekee wanachokiheshimu, na mimi nilitaka sana kumwamini. Nikiwaza kuutoa mtutu wa baba nilikuwa nikienda kulifungua sanduku niutazame. Nikimtazama mume wangu anavyokodoa macho dirishani kila jua likianza kushuka, nilijiona mpumbavu wa kulilia maua ya chuma.

Shangazi yangu wa Werugha, juu milimani, alipiga simu. "Mleteni huku. Chumba kipo. Baridi ipo, lakini ndovu hawapandi huku."

"Nikaishi kwa watu kama mgonjwa?" mume wangu akasema.

"Wewe ni mgonjwa."

"Basi niache hapa niliwe na hao wanyama. Hii nyumba nimeijenga kwa mikono yangu." Akageuza uso ukutani, na mabega yakaanza kutikisika. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona akilia. Nikamwambia nimeamua, kesho naenda kuomba kibali, bunduki itabadilishwa.

Jioni ile, mwanga ukiwepo bado, ndovu jike alikuja na mtoto wake. Nilisikia bomba la tangi likivunjika. Sijui nilifikiria nini. Nilifungua sanduku, nikaichukua bunduki nikijua ni tupu, nikasimama kwenye dirisha la chumba. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliziona kope zake, na vumbi lililoshikana kwenye mikunjo ya ngozi.

"Piga!" mume wangu alisema kwa sauti ya chini. Woga ulikuwa umemsahaulisha kwamba hatuna risasi. "Piga, mama!"

Nikavuta. Sitadanganya, nilivuta kwa nguvu zangu zote. Chuma kiligonga chuma kwa mlio mdogo, na yule ndovu akainua masikio akatulia. Ndipo nilipoona mtutu ulikuwa unaelekea wapi. Mtoto alikuwa amesimama kati yetu, mkonga wake kwenye tope.

Tulitazamana mimi na mama yake. Kisha mama akainama akaendelea kunywa.

"Umepiga?" mume wangu aliuliza walipoondoka.

"Nimepiga. Haina risasi, baba watoto."

"Na ingekuwa nayo?"

"Ningemuua mtoto wake. Na huu ukuta mama yake angeupita kama hauko."

Asubuhi nilimpigia shangazi. Tulimpandisha mume wangu Werugha amelala juu ya godoro, nyuma ya gari la kubeba mboga; hakukataa tena, ila alifumba macho njia nzima. Yule mzee wa Nairobi alikuja Voi, taratibu zote zikafanywa mbele ya polisi, akaichukua bunduki kama ilivyo. Aliifunga kwa kitambaa kizuri, akaniuliza kama ningependa kuishika mara ya mwisho. Nikasema hapana, kisha nikaenda kulia chooni.

Sasa mume wangu anatembea kwa magongo kati ya kitanda na mlango. Ukungu ukiondoka huketi pale akitazama tambarare kule chini. Hajawahi kusema nilikosea, wala hajasema nilifanya vyema. Juzi jirani wa Sagalla alipiga simu, nikaiweka kwenye spika ili sote tusikie. Alisema ndovu walirudi kutafuta maji, wakausukuma ukuta wa chumba cha nyuma, umelala wote, na paa limefuata.

Nilingoja mume wangu aseme tuliokoka. Aliitazama ile simu mpaka taa yake ikazimika.

"Kwa hivyo hatuna pa kurudi," alisema, akaniomba nimfunike miguu.