Kikohozi Ndani ya Redio

Fundi wetu wa redio amefariki. Nyinyi wa Ifakara mnajua, maana mlimzika wenyewe. Leo ninawaandikia zaidi wasomaji wa ng'ambo ya mto, ambao huenda mmeishi na kazi ya mikono yake miaka yote bila kujua kwamba mtu huyo yupo. Kilichomwondoa ni kifua. Alikuwa anakohoa tangu nilipomfahamu, na kikohozi chake hakikufanana na cha mtu mwingine: mara mbili kwa ufupi, kisha anasafisha koo, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi. Mnivumilie nikieleza sana habari ya kikohozi, kwa sababu aibu yangu yote imo humo.

Siku ya kuanua matanga tulikuwa tumekaa uani kwake, mtaa wa Lipangalala, alasiri, wanaume kwenye viti vya kuazima na wanawake mikekani upande wa jikoni. Jirani wa nyumba ya pili, aliyekuwa ameifunga redio yake tangu siku ya maziko kwa heshima, akaona sasa ruhusa ipo, akaifungua. Kabla mtangazaji hajasema neno, tukamsikia marehemu akikohoa. Mara mbili, kisha koo. Mjane akainuka mkekani, akatembea mpaka kwenye ua wa matete, akasimama pale ameyashika kwa mikono miwili, akisikiliza upande wa jirani. Mzee aliyekaa karibu nami akaniuliza chinichini, "Mwalimu, umesikia?" Nikamjibu kwamba sikusikia kitu. Nilikuwa nimesikia vizuri sana.

Juma lililofuata mji mzima ulikuwa na hofu. Mnakumbuka jinsi tulivyokuwa tukibishana tangu redio za betri zilipoanza kuingia bondeni kwetu baada ya vita kuu ya pili: huyu anasifu aina ya Malkia, yule anaapa kwa Ndege, wengine hawataki kusikia isipokuwa Pembe, kila aina na duka lake, na wenye maduka hawasalimiani. Sasa ikaonekana zote tatu zinakohoa, na zinakohoa kwa kifua kimoja. Mama mmoja wa karibu na kivuko aliifunika ya kwake kwa pakacha la mpunga. Mwingine alimwita katekista aje na maji ya baraka. Kilichonitisha mimi ni kingine: redio hizo zilikuwa zinakohoa siku zote. Hatukuwahi kulijali jambo hilo, kwa kuwa mwenye kikohozi alikuwa hai na tulimsikia kila siku akipita njiani.

Siri ya Malkia, Ndege na Pembe niliijua mimi. Miaka kadhaa nyuma nilimpelekea saa ya shule iliyokufa, nikaingia kwake bila kubisha hodi vya kutosha. Mezani palikuwa na makasha matano ya redio, ya mninga, yanayofanana kabisa, na kando yake mikebe mitatu ya maziwa, kila mmoja umejaa vibati vya shaba vyenye jina la aina moja. Vyuma na taa za ndani, zile zinazopata moto redio ikiwashwa, vililetwa na wenye maduka kwa lori kutoka Dar es Salaam, yeye akaviunganisha, akalehemu, akapigilia kibati alichoagizwa. Jina lake halikutakiwa popote. Kila mwenye duka alikuwa amemwapisha peke yake, na kila mmoja aliamini fundi ni wake. Fundi akasema, "Mwalimu, haya yaliyo hapa yabaki hapa." Nikaahidi. Kisha akawasha moja, ikapata moto, ikakohoa. Nikamwambia, kwa ujuaji wetu sisi walimu, "Fundi, hii ina ubovu." Akacheka mpaka akakohoa naye, nikashindwa kutofautisha ni nani ameanza. "Kila redio ina kifua chake," akasema, akaifunga.

Basi mji uliposhikwa na hofu, mimi mwenye siri nikaona zamu yangu ya kuelimisha watu imefika. Niliandika katika safu hii hii, nanyi mkasoma, kwamba hakuna mzimu ndani ya redio. Kuna waya mmoja uliolegea nyuma ya taa, na yule fundi mgeni kutoka Morogoro, aliyefungua kibanda sokoni na aliyenionyesha waya huo, anaukaza wakati mteja akingoja. Niliandika kwa raha sana. Nilikuwa wa kwanza kupeleka yangu. Mkanisikiliza kuliko mlivyowahi kunisikiliza: mlipanga foleni na redio vichwani, na kabla ya mwezi kwisha Ifakara yote ilikuwa inazungumza safi, bila kikohozi.

Ndipo mjane akaja kwangu. Alikuja mchana, amevaa vizuri, akasalimu, akakataa chai. "Mwalimu, nimekuja kuomba jambo dogo," akasema. "Kwetu hatukuwahi kuwa na redio. Alikuwa anasema atanitengenezea yetu akimaliza za watu. Naomba unifungulie yako, nisikie mara moja tu." Nilijua anachotaka kusikia. Nikaiwasha kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusema. Taa ikapata moto, kimya, kisha mtangazaji akaanza kusoma habari kwa sauti safi kama maji ya kisima. Mama yule akaendelea kungoja, uso ameuinamisha kwenye kitambaa cha mbele ya kasha, sauti inapotokea. Baadaye akauliza, "Na wewe umetengeneza?" Nikasema ndiyo, mama. "Nimepita nyumba kumi na moja," akasema. "Zote mmetengeneza." Akanieleza bila hasira, na afadhali angekasirika: ule waya mumewe aliulegeza kwa makusudi, akiusogeza kidogo kidogo na kusikiliza, mpaka redio ikohoe kama yeye. Walimkataza kuandika jina. Kukohoa hawakumkataza.

Tangu siku hiyo siwezi kula wali bila kufikiri ni nani aliyesimama kwenye tope la magoti akaupanda mpunga wake. Gunia lina jina la mwenye duka. Kanisa lina jina la mtakatifu, na waliochoma matofali yake wamelala makaburini bila hata msalaba wa mti. Zama hizi mpya zinatuletea vitu vizuri vyenye majina makubwa usoni, na majina hayo mara nyingi ni ya mtu ambaye hakuvigusa. Mimi nilipewa nafasi ya kumjua aliyevigusa. Nilitunza siri ya waliomficha, halafu nikaita alama yake ubovu, nikawafundisha nanyi muifute. Naona haya, na ninayasema hapa kwa sababu ni hapa nilipokosea.

Nilitafuta redio iliyosalia na kikohozi chake kwa juma zima. Nikaipata katika kijiji cha Mbingu, ya aina ya Ndege, kwa mzee mmoja mkulima asiyejua kusoma. Ushauri wangu haukumfikia, Mungu ashukuriwe. Tulikwenda na mjane kwa lori la mpunga. Mzee akatupangusia benchi, akaiweka redio mezani, akazungusha kitufe. Tukangoja. Ikakohoa mara mbili, ikasafisha koo. Mjane akasema polepole, kama tunavyomwambia mtu yeyote mwenye kifua, "Pole, mume wangu." Ikakohoa tena, mara moja, taratibu. Kisha mtangazaji akaanza. Mzee alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. "Hiyo ya tatu," akasema, "haijawahi." Alitaka nimweleze, mimi niliyesoma. Safari hii siandiki kwamba ni waya.

Mzee ameniomba nisitaje nyumba yake, asije mtu na bisibisi. Sitaitaja. Ila nanyi, kitu kikitoa sauti msiyoizoea, ulizeni kwanza ni mkono wa nani uliokitengeneza kabla hamjakiita kibovu. Na ukipita Mbingu siku moja, ukasikia redio inakohoa ndani ya nyumba ya watu, usibishe hodi kutoa ushauri. Sema pole, kisha uende zako.