Bei Iliyoandikwa kwa Chaki

Chumba cha mbele nyumbani kwa mjomba kilikuwa na kochi, feni, redio na injini. Si picha ya injini, injini yenyewe: ya turbo, silinda nne, imeungana na giaboksi yake kama ilivyotoka kwenye gari, imekaa juu ya stendi aliyoichomelea kwa vyuma vya kitanda cha zamani. Mkewe aliitandikia kitambaa cha kufuma, maana mwanamke mwenye nyumba yake hawezi kuacha kitu kikae uchi sebuleni. Wageni waliweka glasi za maji pale juu. Wengine walisifia meza.

Mtaa mzima ulimwita mjomba Turbo, hata watoto ambao hawakujua turbo inaliwa au inavaliwa. (Ni kifeni kinachoisukumia injini hewa ili ichome mafuta kwa pupa.) Siku za kazi alikuwa fundi wa magari ya kusambaza mikate. Jumapili alikuwa mtu mwingine: alipanda gari alilolijenga mwenyewe, akaenda kushindana kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji, akarudi jioni akiwa rangi moja na barabara. Kikombe hakuleta. Alileta hadithi, na katika hadithi zote aliishia wa pili kwa makosa ya mtu mwingine.

Baadaye kutu ikala bodi. Bodi ikauzwa chuma chakavu, mjomba akaokoa moyo na mapafu.

Tangu siku hiyo injini ilikuwa inauzwa. Nasema "inauzwa" kwa heshima tu. Bei iliandikwa kwa chaki ukutani, na kila aliyeisifia injini aliipandisha. Mteja akisema, "Mashine nzuri hii," mjomba alishukuru, akafuta namba, akaandika nyingine. Mwishowe bei ile ilitosha kununua gari zima linalotembea, na redio ndani. Chuoni, kabla sijaikatisha diploma yangu, tulifundishwa kwamba soko ndilo linalopanga bei. Mwalimu hakuwahi kufika kwa mjomba.

"Kizuri chajiuza," mjomba alikuwa akisema.

"Basi hiki kivivu," mkewe alimjibu.

Mkewe tunamwita Bi Mkubwa, ingawa akisimama karibu na friji, bi mkubwa ni friji. Ni mtu wa maneno machache na hapayuki. Ndiyo maana akisema jambo, watu huanza kusogeza viti.

Sasa mama yake Bi Mkubwa, yaani bibi, aliteleza akavunjika mguu. Hospitali wakamtia vyuma, wakasema Jumamosi anatoka, ila ngazi asizisogelee. Na nyumba ya mjomba imejengwa mteremkoni: jikoni unapanda, vyumba vya kulala unapanda tena. Chumba kisicho na ngazi, chenye choo mlango wa pili, ni kimoja tu.

"Baba Turbo," alisema Bi Mkubwa huku akikunja nguo. Alimwita hivyo kana kwamba kile chuma wamekizaa wote wawili. "Jumamosi mama analala chumba cha mbele."

"Karibu sana mama. Kochi lipo."

"Mwenye vyuma mguuni halali kochini. Kitanda kinakaa pale." Hakunyoosha kidole, hakukuwa na haja. "Nimeongea na yule wa chuma chakavu. Jumamosi anakuja na mizani yake. Kama hujauza, anapima."

"Kwa kilo?"

"Kwa kilo."

Mjomba akakaa. Nimeona watu wakipokea habari ya msiba wamesimama vizuri kuliko vile. Kuiweka nje haikuwezekana. Nje ni barabara, na kitu kikilala barabarani mtaani kwetu, hakiamkii hapo.

Alhamisi akaja mteja, bwana mwenye viatu vya kung'aa kiasi cha kunyolea ndevu. Akaipiga picha injini na kitambaa chake, akaizunguka, akauliza bei. Mjomba akamwonyesha ukuta.

"Sawa," bwana akasema. "Nalipa."

Mimi roho iliniruka kwa furaha. Mjomba uso ulimshuka. Mtu aliyekulia sokoni anajua kwamba bei ya kwanza ni salamu. Ukisalimiwa unajibu, huweki salamu mfukoni ukaondoka.

"Hupunguzi?" mjomba akauliza.

"Ya nini? Nimeipenda."

"Hata hujaigusa. Utaifunga kwenye gari gani?"

"Gari? Hapana, mzee. Nafungua ofisi. Hicho kipande cha nyuma nakikata, hiki nakipaka rangi nyekundu, naweka kioo juu. Meza ya mapokezi."

Kipande cha nyuma ndicho kilikuwa giaboksi. Mjomba akaitazama kama mtu aliyesikia mtoto wake akitukanwa mbele yake.

"Imeshauzwa," akasema.

"Kwa nani? Si ulikuwa..."

"Kwa mtu mwingine. Samahani kwa usumbufu."

Bwana akaondoka na viatu vyake. Bi Mkubwa alikuwa mlangoni muda wote.

"Kwa hiyo umekataa isije ikawa meza," akasema.

"Ndiyo."

Akaichukua glasi yake ya maji juu ya injini, akanywa taratibu, akairudisha palepale. Mjomba usiku ule hakuwasha redio.

Ijumaa alasiri kikaja kigari cha shule ya udereva, kibao cha mwanafunzi juu ya paa. Kiliegeshwa, kikatolewa, kikaegeshwa tena, mpaka majirani wakatoka kutoa ushauri. Upande wa dereva alibaki mwanafunzi, mtu mzima, amelowa jasho. Upande wa pili akashuka mwalimu wake, mwanamke wa makamo mwenye kucha fupi, spana imechungulia mfukoni.

"Hodi."

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Injini."

Siku za kazi, alituambia, anafundisha watu kwenda polepole. Jumapili anapumzika. Anashindana.

Jambo la kwanza alilofanya ni kukitoa kitambaa, akakikunja, akampa Bi Mkubwa kwa mikono miwili. Kisha akapiga magoti. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa. Akafungua plagi, akazipanga kwenye gazeti kama meno. Akakishika kifeni cha turbo kwa vidole viwili, akakitikisa huku ameinamisha sikio. Chini ya giaboksi akafungua ile nati yenye sumaku, akaipangusa kwa kidole. Kidole kikatoka na vumbi la chuma, laini kama wanja.

"Hiyo bei ukutani ni ya injini au ya nyumba?"

"Ya injini na giaboksi," mjomba akasema. "Nyumba ni ya mke wangu."

"Basi nusu."

"Nusu, dada? Hiyo turbo nimeifungua kwa mikono hii, beringi zote mpya."

"Ndiyo maana nikasema nusu. Isingekuwa turbo ningesema robo. Plagi hii ya tatu nyeusi."

"Nyeusi kidogo."

"Nyeusi haina kidogo, mzee. Inakula oili."

"Inaonja tu."

"Wanaoonja ndio wanaomaliza chungu. Na huku mbele oili imevuja, ukapangusa leo asubuhi."

"Jana jioni," mjomba akasema, kwa heshima.

Sijawahi kuona mtu anaumbuliwa bidhaa yake akanawiri namna ile. Miaka yote watu walimwambia injini nzuri, wakaenda zao. Huyu alikuwa anaiponda kwa majina yake yote, kiungo baada ya kiungo, na kila akiponda mjomba alisogeza kiti karibu. Bei ikawa inashuka kama mtu anayejua ngazi za kwao.

Kisha mwalimu akaweka kiganja juu ya giaboksi.

"Gia ya pili. Asubuhi ilikuwa inaingia?"

Kwenye stendi gia haikwaruzi, haikuwepo namna ya kujua. Mjomba angesema "inaingia kama kisu kwenye siagi", na biashara ingekwisha kwa faida. Isitoshe, mpenda chongo huita kengeza: ule mkwaruzo miaka yote aliuita sauti ya mashindano.

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama kitambaa.

"Haiingii," mjomba akasema. "Mpaka ipate moto. Unaigusa ya tatu kwanza, halafu unairudisha polepole. Kama unavyomwomba mtu mzima asogee kwenye benchi."

"Ya tatu kwanza," mwalimu akarudia, kama anayeandikiwa dawa.

"Taratibu lakini. Ukimlazimisha ananuna."

Mwalimu akataja bei yake ya mwisho. Ilikuwa nusu na kidogo. Mjomba akafungua mdomo akubali.

"Bado," Bi Mkubwa akasema.

Wote tukageuka. Mjomba akamnong'oneza, "Si wewe uliyekuwa unampa wa mizani?"

"Wa mizani hajui ni nini. Huyu anajua." Akamgeukia mwalimu. "Dada yangu, hizo plagi nilikuwa nazisafisha mimi, kwa mswaki. Na hizo Jumapili, mume wangu akiwa anashindana, aliyekaa kwenye vumbi anaomba gia ya pili iingie ni mimi. Ongeza."

Mwalimu akacheka mpaka spana ikaanguka. Akaongeza.

"Na kitambaa?"

"Kitambaa hakiuzwi."

Jumamosi mapema likaja pikapu, nyuma limejaa wanafunzi wa udereva, wanaume kwa wanawake, wanaobeba vizuri kuliko wanavyoendesha. Mjomba aliwaelekeza wapi pa kushika, akafunga kamba mwenyewe, akafungua, akafunga tena. Mwalimu akamwambia ikishafungwa kwenye gari aje asikilize. Akasema atakuja, ila asubuhi, kabla haijapata moto. Mwenye mizani alipofika alikuta stendi tu. Akapima stendi.

Sakafuni lilibaki duara la oili ambalo sabuni ililiacha jinsi lilivyo. Kitanda kikawekwa juu yake. Jioni bibi akaletwa, akalazwa, kile kitambaa cha kufuma kikatandikwa kwenye kimeza cha dawa zake. Akasema chumba kinanuka kama kituo cha mafuta, ila kina upepo mzuri. Halafu akainua macho ukutani, juu ya kichwa chake. Katika pilikapilika zile hakuna aliyekumbuka kufuta chaki.

"Hii namba ni ya nini?"

"Ni bei, mama," mjomba akasema.

"Yangu?"

Mjomba akavuta kiti akakaa karibu na kitanda.

"Ni ya kuanzia tu, mama. Tunazungumza."

Bibi akaitazama namba kwa muda, akautazama na mguu wake wa vyuma.

"Punguza," akasema. "Huu wa kushoto asubuhi haukubali. Mpaka upate moto."