Gari la Umeme na Sheria ya Shimo

Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinabomoka kwa wakati mmoja. Huko mashariki vita vilikuwa vinameza miji, na kila wiki ndege ilitushushia watu wenye begi moja mkononi. Huku kwetu Lubumbashi malori ya mafuta yalikwama mpakani, na vituo vya petroli vikafungwa kwa minyororo. Teksi yangu, niliyoiendesha miaka kumi na mmoja nikiwa mwanamke pekee kwenye kituo chetu cha Ruashi, ilikaa uani mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha nyuma. Niliwaacha watage. Angalau walikuwepo waliokuwa wakiitumia.

Nilikuwa naishi na baba yangu. Alichimba mawe kwenye mashimo ya madini ya Kambove karibu nusu ya maisha yake, na kilichombakia ni mapafu yanayopiga filimbi na nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Hatukuwa na mali nyingine. Hati ya nyumba ilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake, na ufunguo wa sanduku ulining'inia shingoni mwake hata akioga.

Ndipo nikasikia habari za mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Kamalondo, mtu wa Kivu Kaskazini aliyeacha maduka yake yote vitani, ambaye alikuwa ameleta magari ya umeme na kuwakodisha madereva. Unalipa kila wiki kwa miaka mitatu, kisha gari linakuwa lako. Lakini unaweka dhamana, naye alitaka hati ya nyumba. Ukikosa kulipa wiki tatu mfululizo, gari linarudi kwake na nyumba inakwenda pamoja nalo.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombana, maana mimi hasira zangu ziko karibu, na ununuzi wowote huuanza kama vita. Akanikaribisha ndani ya gari jeupe, akabonyeza kitu, akaniambia twende. Nikamwambia awashe kwanza, asinifanyie mchezo.

"Ilishawaka, mama. Njo vile iko," akajibu, yaani ndivyo lilivyo.

Likaondoka. Tukapita katikati ya Kamalondo, na kupitia dirisha nikasikia cherehani za mafundi barazani, nikasikia mwanamke anakatakata mboga, nikasikia viatu vya watu juu ya changarawe. Mtaa ule nilikuwa nimeupita mara elfu na sikuwahi kuusikia, kwa sababu injini yangu ilikuwa inapiga kelele siku zote. Nilishangaa mpaka nikasahau kukasirika, na kwangu hilo si jambo dogo.

Hasira zilirudi tulipokaa mezani. Tulivutana siku tatu. Nilipunguza malipo ya wiki, nikamlazimisha achukue mzigo wa matairi, kisha nikapigania Jumamosi. Madereva wetu wana desturi hiyo: siku moja ya wiki mapato yote ni ya dereva, mwenye gari haulizi kitu. Yeye alidai kwamba anayelipia gari mpaka liwe lake hana haja ya siku ya dereva. Nilisimama, nikapiga meza, nikamwambia bila Jumamosi atafute mwanamke mwingine wa kumcheka. Akacheka yeye mwenyewe, akaniandikia Jumamosi yangu.

Nilirudi Ruashi nikitembea kama bibi harusi. Nikamsomea baba mkataba wote, na nilipofika kwenye Jumamosi nikausoma mstari huo mara mbili. Baba alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Na siku yenye courant haiko?" akauliza.

Siku tatu za kupiga meza, na mimi mkaaji wa Ruashi, ambako umeme huja kama mgeni asiyeaga, sikuwa nimeuliza neno hilo hata mara moja. Nilikuwa nimeogopa ujanja wa mtu nikasahau nguzo zilizo mlangoni kwangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Asubuhi yake baba alivaa koti lake la kanisani, tukaenda wote wawili Kamalondo kwa miguu, tukipumzika kila mapafu yake yalipotaka. Mfanyabiashara alitoka nje kumpokea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamvutia kiti. Baba hakukaa. Alizunguka gari, akainama kwa shida, akapitisha kiganja chake chini ya tumbo la gari.

"Batterie iko pale, muzee," yule bwana akamweleza. "Yote ya chini. Ndani muko cobalt. Ile ya huku kwetu, ya Kambove, ya Kolwezi."

Baba aliacha kiganja chake pale kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akakaa, akaanza kueleza sheria ya shimo. Kule Kambove, alisema, mwenye fedha huwalisha wachimbaji na kuwanunulia sururu na kamba, nao humlipa kwa mawe, kwa siku walizokubaliana, isipokuwa maji ya mvua yakijaza shimo.

"Lakini siku mayi inaingia mu shimo, patron hahesabu. Muchimbaji anakaa na njaa, patron naye anakaa na njaa. Bote babili. Mayi ikitoka, tunaanza kuhesabu tena."

"Muzee, courant haiko yangu. Iko ya Leta," yule bwana akajibu, kwa maana ya serikali.

"Na mvula ilikuwa ya nani?"

Nilitaka kuongeza neno, baba akanitazama, nikalimeza. Mfanyabiashara alichezea kalamu yake. Alipozungumza, hakuwa anamtazama yeyote kati yetu.

"Mwenye magasin yangu ya kule anapiga simu kila mwezi. Anataka loyer. Basoda banalala ndani yake, lakini yeye anataka loyer." Kodi, alimaanisha, ya maduka aliyoyakimbia, ambamo sasa walilala askari.

Akavuta karatasi, akaandika kwamba siku isiyo na umeme wa kuchaji haihesabiwi. Akaisoma kwa sauti ili baba asikie. Baba akavua ufunguo shingoni, akanipa nikalete hati.

Mwezi wa pili transfoma ya mtaa wetu ililipuka. Tulikaa gizani siku ishirini na tano, na gari likakaa uani pamoja na kuku. Nilihesabu wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa hofu, ingawa karatasi nilikuwa nayo. Karatasi ngapi tumeziona zikigeuka za kufungia karanga mwaka ule? Nilipokwenda Kamalondo, nilikwenda na vita vyangu vyote tayari. Yule bwana aliniangalia tu, akaniuliza kama mayi imetoka shimoni. Nikalia mbele yake, mimi mpiga meza.

Umeme uliporudi nilimpakia baba kwa mara ya kwanza. Tulishika lami ya kwenda Likasi, hatukuwa na abiria, hatukuwa na safari. Alikuwa ameegemeza kichwa, na kwa jinsi gari lilivyokuwa kimya nilisikia filimbi ya kila pumzi yake. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia baba hivyo. Miaka yote ile wanunuzi walikuja shimoni, wakapima magunia, wakaondoka, na hakuna aliyewaambia wachimbaji mawe yale meusi ya cobalt yanakwenda kufanya nini. Walidhani ni ya rangi za nyumba. Wengine walisema ni ya mabomu.

Baba alishusha mkono, akaigusa sakafu ya gari chini ya kiti chake, pale juu ya betri.

"Kumbe njo hii," akasema. "Njo hii tulikuwa tunatosha mu shimo."

Nikaendesha polepole, ili safari isiishe mapema.