Ndama wa Jirani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, maziwa mnayokunywa kwangu yalianza na ng'ombe wa serikali. Nilirudi nchini kwetu kutoka Tanzania mikono mitupu, nikakaa hapa Buraza, na shamba langu halikutoa kitu kwa kukosa samadi. Kisha serikali ikanipa ng'ombe mwenye mimba, akaletwa kwa lori kutoka Muyinga. Hawakuniomba malipo. Sharti lilikuwa moja tu: ndama jike wa kwanza, akishaacha kunyonya, apewe jirani anayefuata.

Jirani huyo alikuwa mzee niliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba tangu niliporudi. Hata salamu hatukupeana. Ndama jike akazaliwa, na mwanangu akawa anamkamua ng'ombe mpaka tone la mwisho, ndama akakonda akabaki mifupa.

"Mama, yule mzee tumpelekee mifupa," akasema. "Si ni ng'ombe pia?"

"Na sisi tungeletewa mifupa kwenye lori, leo ungekamua nini, wewe?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikumbuka ng'ombe yule alivyoshuka mnene, anang'aa, akapewa mimi ambaye hapa hakuna aliyenijua, nikalia mbele ya dereva. Nashukuru mpaka leo.

Basi nikawaita watu wote wa nyumbani uani, nikawaambia: "Kuanzia kesho, asubuhi hakuna kukamua. Maziwa ya asubuhi ni ya ndama, nyinyi mtakunywa uji mtupu. Akishanenepa tutampeleka kwa mzee, na wewe mwanangu ndiwe utakayeanza salamu."