Wimbo wa Dada Ulivyohamia Njombe

Mimi katika mambo ya muziki hakuna cha kunishangaza. Niliishia darasa la saba, kinanda changu cha kwanza nilikinunua kwa viazi vya shamba langu mwenyewe, na leo ukishuka Makambako ukauliza studio, hata wapiga debe watakuelekeza kwangu. Biti zangu nimezihamisha kutoka programu hii kwenda ile kama mtu anavyohamisha mbuzi malishoni, na hakuna iliyowahi kupotea.

Dada yangu, yeye ndiye aliyenilea, alikuja kurekodi siku chache kabla ya kupasuliwa tezi la shingo. Binti yake alikuwa anajiandaa kuweka nadhiri za utawa kule Uwemba, na dada alikuwa amemtungia wimbo kwa Kibena.

"Mdogo wangu, nirekodi leo leo," alisema huku anafungua kitenge shingoni. "Kisu kikishapita hapa, sijui kama nitaimba tena."

"Dada, umefika kwa mwenyewe. Imba tu."

Aliimba mara moja. Sikumrudisha, hapakuwa na cha kurekebisha.

Nilitaka wimbo ule ukamaliziwe Njombe, kwa fundi mwenye spika nzuri kuliko zangu, jambo ninalolikubali kwa shida. Yeye anatumia programu nyingine. Nikafanya nilivyozoea: nikautoa wimbo kwa midi, lile faili dogo ambalo kila programu inalisoma, nikaliweka kwenye flashi. Kisha nikafuta kila kitu kwenye diski, maana ni ndogo, na utaratibu wa studio yangu ni huo, kazi ikitoka nafasi inasafishwa. Kwaya iliyofuata ikarekodi albamu nzima palepale.

Njombe nilikuta ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Fundi akafungua faili. Kinanda kikalia, besi ikalia, hata ngoma, vyote kwa mlio wa piano. Tukangoja dada aingie. Hakuingia.

"Kaka, mwimbaji yuko wapi?"

"Si yumo humo."

"Humu hamna mtu. Midi inabeba noti za kinanda, haibebi koo la mtu. Kaniletee sauti yenyewe."

"Spika zako hizo, labda waya umekatika."

Akarudia kupiga. Ubeti wa kwanza ukapita mtupu, kiitikio kikapita, na mimi nimesimama na koti langu la ngozi. Biti zote nilizowahi kuhamisha zilikuwa kinanda kitupu. Waimbaji nilikuwa nawamalizia kwangu. Huyu alikuwa wa kwanza kusafirishwa.

Nikarudi Makambako kuifuata diski, na fundi wa kufufua diski, pale pale mjini Njombe, alikaa nayo wiki nzima. Alichorudisha ni vipande vya ile kwaya iliyofuata.

"Mzee, umejenga juu ya kaburi," aliniambia. "Chini hakuna cha kuchimba."

Wakati huo dada alikuwa amesharudi kutoka hospitali. Uhai ulibaki, sauti haikurudi. Nilimkuta jikoni anamenya viazi.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Umeuleta?" Ilibidi niinamie mdomo wake ili nimsikie.

Nikamweleza. Kisu cha viazi kikasimama.

"Maneno unayo, dada. Nipe niwape kwaya waimbe, tena vizuri."

"Kwaya haijamzaa," alinong'ona, akaendelea kumenya.

Hakutaka kunipa maneno.

Siku ya nadhiri, baada ya misa, nikapiga wimbo ule kwa kinanda peke yangu pale ukumbini. Dada alikaa kati ya akina mama wenzake. Ubeti wa kwanza midomo yake ilicheza. Wa pili akaifunga, akamtazama mwanae aliyekuwa anapokea zawadi na kucheka na wageni, hajui kama kuna wimbo wake unaopita hapo. Jirani yangu mezani akanipiga begani: "Kinanda chako kitamu, bwana!"

Nikamwambia ndiyo, ni kitamu.

Nauli, fundi wa Njombe, na yule wa diski ambaye hakuufufua wimbo: shilingi laki mbili, elfu arobaini na saba na mia tano.